Deseret si jangwa: jina la nyuki lililotaka kuwa jimbo

Binamu yangu alifika Salt Lake City, jimboni Utah, baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wiki ya kwanza alipelekwa kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika ili apate sufuria, mablanketi na makoti ya watoto, maana baridi ya kule haina huruma. Usiku akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, hili neno Deseret ni kitu gani? Liko kwenye ubao wa duka, liko kwenye gazeti, liko kwenye duka la vitabu. Nimelitafuta kwenye simu, linaniletea jangwa."

Simu ilimpotosha, na si yeye wa kwanza kupotoshwa. Neno la Kiingereza la jangwa, desert, linakaribiana mno na Deseret kwa herufi, na sehemu kubwa ya Utah kweli ni nchi kavu. Mtu akiyaunganisha hayo mawili anaona jibu limejileta lenyewe. Lakini maneno haya hayana udugu. Desert lina asili ya Kilatini na hubeba maana ya mahali palipoachwa. Deseret lina silabi tatu, De-ze-ret, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho. Limetoka katika aya moja ya kitabu kimoja, na katika kitabu hicho limetumika mara moja tu. Maana yake pale ni nyuki.

Nilimjibu hivyo, halafu nikaona kwamba jibu hilo peke yake linamwacha pale pale alipokuwa. Ukishajua kuwa Deseret ni nyuki, bado hujui kwa nini gazeti liitwe nyuki, kwa nini zamani chuo kikuu kiliitwa nyuki, wala kwa nini watu walitaka nchi yao yote iitwe hivyo. Maana ya neno hili haiko kwenye tafsiri yake peke yake. Iko pia katika kazi ambazo watu wamelituma kufanya tangu 1849, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa kwa utulivu.

Aya yenyewe

Kitabu cha Mormoni kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1830 katika mji wa Palmyra, New York. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tumezoea kuwaita Wamormoni, wanaamini kuwa mwanzilishi wa kanisa lao, Joseph Smith, alikitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu kwa uwezo wa Mungu. Wasioamini humhesabu yeye mwenyewe kuwa mtunzi. Tofauti hiyo ni kubwa na siwezi kuimaliza hapa. Pande zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana kwamba Deseret ilisomwa na umma kwa mara ya kwanza katika chapa hiyo.

Ndani yake kuna sehemu iitwayo Etheri, inayosimulia habari za Wayaredi, watu walioondoka penye mnara wa Babeli wakati Mungu alipozichafua lugha. Yaredi na kaka yake wanaomba lugha ya jamaa yao isichafuliwe, na wanasikilizwa. Kisha wanafungasha. Wanachukua mifugo, wanategea ndege, wanatengeneza chombo cha kubebea samaki wakiwa hai majini, na wanakusanya mbegu za kila aina. Katika sura ya 2, aya ya 3, imeandikwa kwamba walichukua pia deseret, na papo hapo aya inajifafanua kwa kusema kuwa tafsiri yake ni nyuki wa asali, na kwamba walisafiri na makundi ya nyuki.

Tusiipite aya hii haraka. Aliyewahi kuhamisha mzinga anajua kuwa kazi hiyo hufanywa usiku, nyuki wakiwa wamerudi wote ndani, mlango umezibwa, na hatua zinahesabiwa ili mzinga usitikisike. Kubeba ng'ombe na mbegu ni jambo ambalo mhamiaji yeyote angelifikiria. Kubeba nyuki ni alama ya mtu asiyekusudia kurudi, anayetaka huko aendako pawe na maua, matunda na asali kama alikotoka. Waliokuja kulichagua neno hili baadaye nao walikuwa wahamiaji wasio na pa kurudi, na nadhani hapo ndipo lilipowagusa.

Deseret haiko peke yake katika namna ilivyoletwa. Kitabu cha Mormoni huacha maneno machache ya kigeni yasimame na kuyawekea maana yake pembeni. Irreantum ni maji mengi. Rabbanah ni mfalme mkuu au mwenye nguvu. Liahona, jina ambalo waumini wanaosoma Kiswahili wanalijua kama jina la gazeti la kanisa lao, ni dira. Kati ya hayo yote, ni Liahona tu inayokaribia Deseret kwa kutumika nje ya maandiko. Irreantum haikujengewa hospitali wala haikuombewa nafasi kwenye bendera ya Marekani.

Swali la Misri

Mtu akianza kuuliza asili ya neno hili, atakutana mapema na hoja ya Hugh Nibley, msomi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Katikati ya karne ya 20 Nibley aliona kwamba Wamisri wa kale waliita taji jekundu la Misri ya Kaskazini deshret, na kwamba mfalme wa sehemu hiyo ya nchi alitambulishwa kwa alama ya nyuki. Akasema kukutana kwa taji, nyuki na sauti ya neno hakuwezi kupuuzwa.

Hoja inavutia, na waumini wengi wanaipenda. Mimi inanishinda hapa: neno la Kimisri la nyuki lilikuwa bit. Deshret ilimaanisha kitu chekundu, liwe taji au nchi nyekundu ya jangwani iliyo nje ya udongo mweusi wa mto Nile. Ili deshret imaanishe nyuki, ni lazima ukubali kwamba jina la alama moja ya mfalme lilihamia kwenye alama nyingine, na ushahidi wa kuhama huko ni mwembamba. Halafu kuna jambo la kushangaza kidogo. Tukiifuata njia ya Misri hadi mwisho, tunarudishwa kwenye maana ya nchi ya jangwa, ile ile ambayo simu ya binamu yangu ilimpa kwa bahati mbaya.

Wachunguzi huuliza pia kuhusu mdudu mwenyewe. Nyuki wa asali tunayemfahamu hakuwepo Amerika kabla ya Wazungu kumpeleka. Mizinga ya kwanza ilifika koloni la Virginia mwaka 1622. Kabla ya hapo Wamaya wa Meksiko walifuga nyuki wasiouma, jamaa wa wale nyuki wadogo ambao warina asali wetu wanawajua kwa asali yao nyepesi na yenye uchachu. Aya ya Etheri inazungumzia safari ya kutoka Babeli, na neno deseret halirudi tena baada ya watu hao kuvuka bahari, kwa hiyo waumini husema hakuna penye mgongano. Naona swali hili, kama lile la Misri, linatuchosha bila kutufikisha. Neno lingeweza kuwa na asili yoyote. Kilicholipa uzito ni kilichotokea bondeni Salt Lake.

Jimbo lililokataliwa

Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Mwezi Februari 1846 wafuasi wake walianza kuuhama mji wao wa Nauvoo, wengine wakivuka mto Mississippi katikati ya baridi. Kundi la kwanza likiongozwa na Brigham Young, aliyeshika uongozi baada ya Smith, liliingia bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847, na tarehe 24 ya mwezi huo bado ni sikukuu Utah. Nchi waliyoingia ilikuwa ya Meksiko kwenye karatasi. Haikupita miezi saba ikawa ya Marekani, kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848.

Mwezi Machi 1849 viongozi wao walikutana, wakaandika katiba, wakamchagua Young kuwa gavana, na wakatangaza Jimbo la Deseret, wakiomba Marekani ilipokee. Fungua ramani uone ukubwa wa ombi. Utah ya leo yote imo, karibu Nevada yote, sehemu kubwa ya Arizona, na vipande vya Colorado, Wyoming, Idaho, Oregon na New Mexico, kisha mpaka unateremka hadi pwani ya California huko San Diego ili jimbo lipate bandari. Sensa ya 1850 ilihesabu watu 11,380 katika Utah. Kwa desturi ya wakati ule, eneo lilitarajiwa kuwa na watu 60,000 ndipo liombe kuwa jimbo.

Hesabu hiyo ya sensa haikuwaona wenyeji. Waute, Washoshone, Wapaiute, Wagoshute na wengine walikuwa wakiishi, wakiwinda na kuvua samaki katika nchi hiyo hiyo. Februari 1850 wanamgambo wa Deseret, kwa idhini ya Young, waliwashambulia Watimpanogos, wenyeji wa huko, karibu na Fort Utah, mahali palipo mji wa Provo leo, na wengi waliuawa. Nalitaja hili kwa sababu maelezo mengi ya Deseret huishia kwenye utamu wa nyuki na bidii yao. Jimbo lililoitwa kwa jina la nyuki lilikuwa na sheria, kodi na bunduki, na wa kwanza kuzionja bunduki zake ni wale waliolikuta bonde likiwa lao.

Bunge la Marekani lilikataa. Tarehe 9 Septemba 1850, katika mapatano makubwa yaliyokusudia kutuliza ugomvi wa utumwa kati ya Kaskazini na Kusini, liliunda Utah, eneo dogo kuliko lililoombwa, chini ya uangalizi wa Washington. Hata jina halikupita. Utah limetokana na Waute. Young mwenyewe aliteuliwa kuwa gavana wa eneo hilo jipya, kwa hiyo mtu alibaki kitini ila jina ndilo lililoondolewa.

Wenyewe hawakuliacha. Waliomba tena kuwa jimbo kwa jina la Deseret mwaka 1856, wakaomba 1862, wakaomba 1872. Kuanzia 1862 hadi 1870 walifanya jambo ambalo wanahistoria huliita serikali ya kivuli: bunge la Utah likishafunga vikao vyake, wajumbe wale wale walikaa tena kama bunge la Deseret, wakamsikiliza Young akiwahutubia kama gavana ingawa Washington ilikuwa imekwisha kuweka gavana mwingine, na wakazipitisha tena sheria walizozipitisha juzi. Walikuwa wanaitunza nyumba tupu, wanafagia na kuwasha taa, ili mwenyewe akirudi asikute vumbi.

Hakurudi. Maombi ya baadaye yaliandikwa kwa jina la Utah, na Utah ilipokelewa kuwa jimbo tarehe 4 Januari 1896, miaka sita baada ya rais wa kanisa, Wilford Woodruff, kutoa tamko la kuacha ndoa mpya za wake wengi. Bado liko jiwe moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mnara wa kumkumbuka George Washington ulipokuwa ukijengwa na kila jimbo likiombwa jiwe, mafundi wa Salt Lake walichonga lao, wakaweka mzinga wa nyuki na neno Deseret, wakalisafirisha hadi mji mkuu. Limejengewa ndani ya ukuta wa mnara mpaka leo, katikati ya mawe ya majimbo yaliyokubaliwa.

Herufi 38

Kati ya yote yaliyobeba jina hili, alfabeti ya Deseret ndiyo inayonigusa zaidi, na nadhani msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuielewa kuliko wengi.

Sisi tunaandika tunavyotamka. Mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu, anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakina rehema hiyo. Sauti moja ina tahajia tano, tahajia moja ina sauti tatu. Sasa fikiria bonde la Salt Lake miaka ya 1850, likipokea wahamiaji kutoka Wales, Denmark na Sweden, wazee kwa watoto, wote wakitakiwa kusoma Kiingereza. Brigham Young, ambaye mwenyewe hakukaa sana shuleni, aliiona tahajia ya Kiingereza kuwa mzigo usio na faida.

Mwaka 1854 bodi ya Chuo Kikuu cha Deseret, kilichoanzishwa 1850, ilitoa herufi mpya 38, kila moja na sauti yake. Fundi mkuu wa kazi hiyo alikuwa George D. Watt, Mwingereza aliyebobea katika hati mkato. Huyu Watt ndiye aliyekuwa wa kwanza kubatizwa katika kanisa hilo nchini Uingereza, kwenye mto Ribble huko Preston, tarehe 30 Julai 1837, na inasimuliwa kwamba nafasi hiyo aliipata kwa kushinda mbio za kufika mtoni.

Tazama walichokifanya. Kiingereza huandika th kwa sauti mbili tofauti, na msomaji analazimika kukisia. Sisi tunazitenganisha: dhahabu kwa dh, thamani kwa th. Alfabeti ya Deseret nayo ilizitenganisha, 𐐜 kwa dh na 𐐛 kwa th. Ikaipa sh herufi yake moja, 𐐟. Ikaipa ch yake, 𐐕. Ikaipa hata ile sauti ya mwanzo wa ng'ombe herufi yake, 𐐥, bila kuhitaji kiapostrofi. Jina lenyewe liliandikwa kwa herufi saba katika kitabu cha kwanza cha kusomea cha mwaka 1868: 𐐔𐐯𐑅𐐨𐑉𐐯𐐻. Ukizisoma moja moja unapata d, e, s, kisha i ndefu, r, e, t. Tahajia hiyo inaonyesha kuwa waliolichapa walilitamka karibu na Desiret, kwa s, tofauti kidogo na z inayosikika leo. Alfabeti iliyoshindwa imetuhifadhia matamshi ambayo tahajia ya kawaida ingetuficha.

Kitu ambacho ningependa kukishika mkononi ni sarafu ya dhahabu ya dola 5 iliyopigwa Salt Lake mwaka 1860. Upande mmoja amelala simba, na kumzunguka yamo maneno ya kumaanisha Utakatifu kwa Bwana, yote kwa herufi za Deseret. Upande wa pili yupo tai mwenye mzinga wa nyuki kifuani, na jina la ofisi iliyopima dhahabu, Deseret Assay Office, kwa herufi za kawaida. Aliyeipokea sokoni angeweza kuupima uzito wake na kujua thamani, hata kama ubavu wa simba ulikuwa fumbo kwake.

Kwa walio wengi ulibaki fumbo. Herufi zilikuwa za urefu mmoja, hazina mikia inayoshuka wala vichwa vinavyopanda, na waliozipigania walisema hilo litazuia madini ya chapa yasichakae upesi. Lakini jicho linasoma kwa kushika umbo la neno zima. Mstari wa Deseret ni ukuta ulionyooka juu na chini, usio na mahali pa kushikia. Vitabu viwili vya kusomea vilichapishwa New York mwaka 1868, nakala 10,000 kila kimoja. Mwaka uliofuata Kitabu cha Mormoni kizima kilitolewa kwa herufi hizo, nakala 500 tu. Mwaka huo huo, tarehe 10 Mei 1869, reli ya kuvuka Marekani iliunganishwa Promontory, ndani ya Utah, na vitabu vya bei nafuu vya herufi za kawaida vikaanza kumiminika. Gharama ya kuchapa maktaba nzima upya haikubebeka. Young alifariki 1877 na mradi ukazikwa naye.

Sikubaliani na wanaodai kuwa herufi hizo zilikuwa njama tu ya kuwaficha waumini wasisomwe na ulimwengu wa nje. Huenda faida hiyo ilikuwapo akilini mwa baadhi yao. Lakini mwenye siri hachapishi somo la herufi gazetini, na Deseret News lilizichapisha mwaka 1859 na 1860 pamoja na aya za Biblia za kujifunzia. Wale walitaka mtoto wa mhamiaji asome. Mwaka 2001 herufi za Deseret ziliingizwa katika Unicode, mfumo unaoziwezesha kompyuta na simu kuonyesha maandishi ya lugha zote, na ndiyo sababu nimeweza kuziandika hapa.

Neno linavyotumika leo

Sasa turudi kwa binamu yangu na ubao wa duka. Baada ya jimbo kukataliwa, neno lilikuwa halina mwenyewe, na kanisa pamoja na raia wake wakaligawa kwenye kila kitu walichokianzisha. Gazeti la Deseret News lilitoka mara ya kwanza tarehe 15 Juni 1850 na linachapishwa hadi sasa. Miaka ya 1860 ikaja telegrafu ya Deseret, simu ya maandishi ya kupitia nyaya, iliyounganisha vijiji vya kaskazini na kusini. Mwaka 1882 ikafunguliwa Hospitali ya Deseret, ambamo madaktari wanawake walifanya kazi wakati ambapo madaktari wa aina hiyo walikuwa wachache mno. Chuo Kikuu cha Deseret kilibadilishwa jina mwaka 1892, ndicho Chuo Kikuu cha Utah cha leo. Duka alilokwenda binamu yangu ni la shirika la Deseret Industries, ambalo wenyeji huliita Di-Ai tu. Lilianzishwa na kanisa mwaka 1938, miaka ya dhiki, likauza nguo na vyombo vilivyotolewa na watu na kuwapa kazi waliokosa. Leo wakimbizi wengi, wakiwemo wanaozungumza Kiswahili cha Kongo, hupata hapo mafunzo na ajira ya mwanzo.

Hapo ndipo maana ya tatu ilipozaliwa. Ya kwanza ni nyuki, na iko katika aya ile moja. Ya pili ni nchi, ile iliyoombwa na kukataliwa, ambayo bado huimbwa na kutajwa kwa mapenzi kama makao ya watu fulani. Ya tatu haina nyuki wala mpaka: ukiliona neno Deseret mbele ya jina la duka, benki au shamba, mara nyingi linakuashiria kuwa kitu hicho ni cha kanisa au kilianzishwa na watu wake. Ndiyo maana kuna ranchi kubwa ya ng'ombe iitwayo Deseret huko Florida, maili nyingi mno kutoka Salt Lake. Hakuna aliyedhani Florida iliwahi kuwa sehemu ya jimbo lile. Ng'ombe ni wa kanisa, basi.

Hata maana hii ya tatu ina mipaka. Kuna kijiji kiitwacho Deseret katika wilaya ya Millard, na kuna kilele cha mlima chenye jina hilo. Kuna pia jambo linalonisikitisha kila nikilikumbuka. Jeshi la Marekani lilijenga ghala la silaha za kemikali karibu na Tooele mwaka 1942, na likaliita kwa jina la mahali, Deseret. Ghala hilo lilikuja kuwa kubwa kuliko yote ya aina yake nchini, likiwa na zaidi ya tani 13,000 za gesi za kuua. Uteketezaji wake ulimalizika Januari 2012. Neno lililoletwa kumtaja mdudu anayechavusha maua likaandikwa kwenye lango la sumu.

Wanaotafsiri habari kwa Kiswahili ningewaomba wazishike maana hizi tatu mbali mbali. Katika aya ya Etheri msiliguse, maana aya inajitafsiri yenyewe. Katika historia andikeni Jimbo la Deseret, na mkumbuke kusema kwamba halikutambuliwa. Kwenye majina ya mashirika liacheni lilivyo. Deseret News si Habari za Nyuki, na kwa vyovyote si Habari za Jangwani.

Alama yenyewe ilidumu kuliko jina. Mzinga uko kwenye bendera ya Utah, ile ya zamani na ile mpya iliyoanza kupepea Machi 2024. Nyumba ya Brigham Young ya mwaka 1854, yenye mzinga wa kuchongwa juu ya paa, bado imesimama. Wadudu nao hawakusahauliwa, kwani tangu 1983 nyuki wa asali ni mdudu rasmi wa jimbo. Ila mzinga unaochorwa ni wa Ulaya ya zamani, kapu la nyasi zilizosukwa kwa duara, pana chini na jembamba juu, likisimikwa mezani au ardhini. Aliyezoea mzinga wa gogo uliolazwa kwenye matawi hawezi kuutambua.

Nilimweleza binamu yangu yote haya kwa jumbe za sauti saba. Siku mbili kimya. Kisha ikaja picha aliyoipiga akiwa kwenye basi: kibao cheupe cha barabara ya jimbo, namba katikati, na kuizunguka mchoro mweusi wa kitu kilichopangwa tabaka kwa tabaka. "Kaka," akasema, "kumbe huu ni mzinga? Naupita kila siku nikienda kazini. Mimi na watoto tulikuwa tunasema ni mkate."